Swichi ya Kitufe Kikubwa, Kutoka Voi Hadi Werugha

Sikwenda Voi kutembea. Nilikwenda kwa sababu Mzee Righa, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa hapa Werugha, aliniambia mimi karani wao mbele ya kamati nzima, "Mama Wakesho, umetumikia sana. Labda sasa upumzike." Kupumzika! Nina miaka hamsini na sita, ng'ombe watatu wa kukamua, na mdomo wangu wote. Neno hilo nalijua maana yake. Ni kufukuzwa kwa adabu.

Kosa langu lilikuwa kuchelewesha ripoti. Ofisini tuna kompyuta mbili. Ya zamani ndiyo yenye majina yote ya wanachama na lita zao, na programu yake haikubali kuhamia mashine nyingine, imegoma kabisa. Ya pili ililetwa na wanunuzi wetu wa maziwa ili tuwatumie ripoti ya kila siku kwa mtandao. Ilikuja na skrini ndogo kama sahani, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Macho yangu tangu mwaka juzi hayasomi herufi ndogo. Miwani nimebadilisha mara mbili, na daktari akaniambia nizoee tu. Mlima nauona, mtu akija njiani namjua kwa mwendo, lakini nikishika karatasi herufi zinaelea. Jambo hilo sikumwambia mtu. Karani asiyeona herufi, nani atamweka?

Nilijitafutia njia. Nilinunua monita kubwa iliyotumika, na kibodi nikaibandika herufi nene nilizoandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mweusi. Basi kutwa nilikuwa nachomoa waya za kompyuta hii na kuchomeka za ile, kwa kupapasa, mara nne, mara tano. Mwisho pini moja ikapinda, skrini ikageuka rangi ya waridi, na ripoti zikalala. Kamati ikanipa hadi Jumatatu. Ripoti ziende kwa wakati, ama watafute karani mwingine.

Alhamisi jioni nilimpigia simu mpwa wangu aliye Mombasa. Akaniambia kuna kifaa, swichi, ambayo unaunganisha kompyuta mbili upande mmoja, na upande wa pili monita moja na kibodi moja. Unabonyeza, unahama. Unabonyeza tena, unarudi. "Lakini angalia matundu ya nyuma ya hizo kompyuta, shangazi," akasema. "Ukikosea tundu, umenunua jiwe."

Sasa matundu yenyewe nitayaangaliaje na macho haya? Kwetu mtu akienda kununua kipande cha mfereji hubeba kile kibovu mkononi, akakilinganisha na kipya dukani. Lakini mgongo wa kompyuta utaubebaje? Nilikaa nikiwaza huku nakanda unga wa chapati, na jibu likawa mikononi mwangu. Nilizima mashine zote, nikafunika matundu kwa nailoni ya mkate ili unga usiingie ndani, nikabandika donge na kulikandamiza. Nikatoa chapa mbili safi, moja kwa kila kompyuta, nikaziweka kwenye kibweta cha chakula. Nilijiona mjanja sana, haki ya Mungu.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Werugha na pikapu ya maziwa. Ukungu ulikuwa mzito na dereva alikuwa akiendesha taratibu huku ametoa kichwa nje. Mapajani nilikuwa na kibodi, nimeifunga kwa leso. Dereva akaitazama, akanitazama. "Mama, umebeba mtoto wa nani?" akauliza. Nikamwambia wa kwangu, na aangalie barabara. Alicheka mpaka Wundanyi.

Kutoka Wundanyi nilichukua gari la kuteremka. Hapo ndipo unaanza kuvua nguo moja moja. Sweta nilivua kabla ya kufika Mwatate, na tulipopita mashamba ya mkonge nilikuwa nimeshavua hata kitambaa cha kichwa. Abiria aliyekaa karibu nami alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu yake na kucheka peke yake. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Saa nne kasoro nikashuka Voi. Jua lilikuwa limeshachachamaa na malori ya barabara kuu yananguruma. Niliulizia duka la vitu vya kompyuta, nikaelekezwa kwa kijana mmoja Mkamba aitwaye Musyoka, ana duka jembamba lililojaa waya mpaka darini. Alinikaribisha vizuri, akanipa stuli. Nikafungua kibweta changu.

"Mama, umeniletea kiamsha kinywa?"

"Hayo ni matundu ya kompyuta zangu," nikamwambia. "Soma."

Akachungulia. Kisha akacheka, akacheka, akaita jirani wa duka la simu aje aone. Nilikasirika kidogo, lakini ukweli ni kwamba lile joto lilikuwa limeukausha unga ukapasuka kama kisigino cha mtu aliyekosa mafuta. Alipomaliza kufuta machozi alisoma donge la kwanza bila shida. "Hii ni VGA. Ile pana yenye vishimo vingi na skrubu mbili pembeni. Hiyo ni kompyuta ya zamani." Donge la pili akaligeuzageuza. "Na hii ni HDMI, ile nyembamba ya skrini za kisasa. Sawa. Lakini niambie, unaitaka swichi ya nini? Mbona usitumie tu ile skrini iliyokuja na hiyo mpya?"

"Meza ni ndogo," nikasema.

Uongo mtupu. Ile meza yetu unaweza kuchinjia mbuzi.

Kwa kuwa nilisema meza ni ndogo, akaniletea swichi ndogo. Kiboksi kama kiberiti, kina kitufe cha kubonyeza kwa ukucha na kitaa kimoja cha kukuonyesha uko kompyuta gani. Kitaa chenyewe sikukiona. Nikasema sikipendi. Akaleta nyingine isiyo na kitufe kabisa, ambayo unagonga kibodi mara mbili kwenye funguo fulani na yenyewe inahama, na ukitaka kujua uko wapi unasoma maandishi madogo kwenye kona ya skrini. Nikasema hiyo pia siipendi. Ya tatu ilikuwa ya kubadilisha skrini peke yake, kibodi haihusiki. Nikaikataa. Zote nilizikataa bila sababu, na Musyoka akaanza kuchoka. Nilimwona anapanga maboksi kwa nguvu kidogo.

"Mama, mimi nataka kukusaidia, lakini sijui nakusaidia nini. Kila kitu hutaki. Umetoka mbali hivi kwa sababu ya meza?"

Kibodi ilikuwa kwenye kaunta, leso imelegea, na zile herufi zangu nene zinaonekana. Akazitazama. Akanitazama. Akairudishia leso polepole, na kwa hilo nikamheshimu. Nikapiga moyo konde.

"Macho yangu hayaoni herufi ndogo," nikasema. "Nikishindwa kupata kitu cha kunisaidia, Jumatatu sina kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa sauti. Nilitegemea ardhi ipasuke. Musyoka akasema tu, "Si ungesema mapema, mama," akapanda ngazi, akateremsha boksi lenye vumbi.

Swichi hiyo ilikuwa na kamba ndefu, na mwisho wa kamba kuna kitufe cha duara, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya maji ya lita tano. Swichi yenyewe inakaa nyuma ya monita, kitufe unakiweka mezani popote mkono wako unapopenda. Nikakibonyeza kwa kiganja. Tap. Nilikipenda papo hapo.

"Hii inachukua VGA," akasema. "Ile ya zamani itaingia moja kwa moja. Hiyo mpya tunaiwekea adapta, kipande cha kugeuza HDMI iwe VGA." Akaenda kuchukua adapta, na mimi nikaishika ncha yake. Vidole vyangu vikakataa.

"Si hii."

"Mama, donge lako linasema HDMI."

"Donge limekauka. Mimi tundu hilo nimelipapasa mwezi mzima. Hii ina kona mbili zilizokatwa. Langu lina kona moja tu."

Akabisha. Nikabisha. Mimi nikibisha huwa sipunguzi sauti, na yule jirani wa simu akarudi kutazama. Mwishowe Musyoka akatoa kompyuta nyingine chini ya kaunta, akaugeuza mgongo wake kwangu. "Haya, onyesha." Nikapitisha kidole, tundu hadi tundu, nikasimama. "Hili hapa." Akainama kuangalia. "Ala! Hiyo ni DP, inafanana na HDMI lakini si yenyewe," akasema polepole. "Mama, ungeenda na adapta ya HDMI ungefika kule juu ulie." Nikamwambia mimi silii, nateremka kugombana. Akacheka, na safari hii tulicheka wote.

Adapta ya DP hakuwa nayo. Alinihakikishia ataipata kwa mwenzake kesho asubuhi, kwa hiyo nikaenda kulala kwa wifi yangu Saru, mke wa kaka yangu, anayekaa mtaa wa Sofia. Alinipikia wali na mchuzi wa nyama, na kabla sijamaliza kunawa nilikuwa nimeshamweleza yote.

"Kwa hiyo umemwambia muuza duka kabla ya kuniambia mimi?" akasema Saru, ameshika kiuno. "Miaka miwili, wifi! Na mimi nakutumia picha za wajukuu unaniambia wazuri, wazuri!"

"Si nilijua ni wazuri?"

Alinipiga na kitambaa cha sahani. Kisha akakaa karibu nami, akafungua simu, akaivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka uso wa mtoto ukajaa kioo chote. Tulikaa hivyo kitambo, uso mmoja baada ya mwingine. Nilifurahi sana siku hiyo.

Jumamosi, saa tatu, Musyoka alikuwa na adapta. Sikuichukua hivihivi. Nilimwambia aunganishe kompyuta mbili za dukani, na kibodi yangu mwenyewe, nijaribu. Nikaandika jina langu kwenye moja, nikabonyeza, nikaliandika kwenye ya pili. Akanipa na waya mpya badala ya ule wenye pini iliyopinda. Nilipanda gari nikiwa na boksi mapajani na leso begani, na kila tulipopanda juu ndivyo nilivyorudishia nguo.

Njia nzima nilikuwa nawaza. Mtu akitaka kununua kitu kama hiki, mimi namwambia hivi. Jua matundu ya kompyuta zote mbili, beba kibodi yako, na jaribu dukani kabla ya kutoka. Na muuzaji akikuuliza unaitaka ya nini, mwambie ukweli. Mimi nilijitia hamnazo pale nikapoteza asubuhi nzima, na swichi niliyoihitaji ilikuwa darini muda wote inaningoja niseme. Tena nilielewa kwamba kama sitasema ofisini, nitaendelea kuchomoa waya za namna nyingine mpaka nizeeke.

Jumapili baada ya kanisa niliunganisha. Mara ya kwanza skrini ilikaa nyeusi tii, nikapapasa waya mmoja mmoja. Kumbe adapta sikuisukuma hadi mwisho. Nikaisukuma, ikalia, na rangi ya waridi ikawa imekwisha.

Jumatatu, saa nne, kamati wakaja, watu watano, Mzee Righa mbele na fimbo yake. Sikungoja wakae.

"Kabla hamjanipumzisha, nina neno. Macho yangu hayasomi herufi ndogo, tangu mwaka juzi. Niliwaficha kwa sababu niliogopa kuondolewa. Sasa tazameni, halafu mseme mtakalo."

Nikabonyeza. Tap, majina ya wanachama na lita zao, herufi kubwa kama za bango. Tap, fomu ya ripoti. Nikasoma huku, nikajaza kule, mkono wa kushoto juu ya kitufe, na ripoti ikaenda kabla chai haijamiminwa. Mama mmoja wa kamati akapiga makofi. Wengine wakaanza kuulizana kwa nini nilinyamaza muda wote huo, na mmoja akasema mambo ya karani mwingine yaishe hapo hapo.

Mzee Righa alikuwa bado amesimama na fimbo yake. Nilimtazama nikajua sasa yanakuja. Alisogea karibu na skrini, akaegemeza fimbo ukutani, akaweka kidole chini ya jina la kwanza, akaanza kusoma polepole kwa midomo. Jina, lita. Jina, lita. Alifika jina lake mwenyewe akasimama hapo. Miaka yote hiyo nilimpelekea ripoti akazishika, akatikisa kichwa, akasema, "Nisomee kwa ufupi, nina haraka," akatia sahihi pale nilipomwonyesha kwa kidole.

Wenzake walikuwa wamegeukia chai. Akainama sikioni mwangu.

"Mama Wakesho," akasema chini chini, "herufi hizo, ziongeze ukubwa kidogo."

Nikaziongeza, na yeye akavuta kiti.