Mama Aliyepanda Gari la Msiba

Nashona nguo kwenye baraza ya duka langu mjini Arua, karibu na soko. Baba yangu alikuwa askari, mtu wa Koboko, na Kiswahili changu ni cha kambi ya jeshi. Nadhani ndicho kilichomfungua mdomo yule mama. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudani Kusini, akifanya kazi katika nyumba kubwa ng'ambo ya barabara. Aliniletea mapazia ya tajiri wake, mwanamke mwenye nyumba ile, niyapinde, akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Mama, hapa Arua watu wa kazi ya nyumba wanalipwa?" akaniuliza.

"Wanalipwa. Kwani wewe?"

Akatikisa kichwa. Tangu atolewe kambi ya wakimbizi hakuwahi kuona mshahara. Simu yake ilichukuliwa siku aliyofika. Binti yake mdogo alilazwa chumbani kwa mwenye nyumba, na kila mama mtu alipotumwa nje, mtoto alibaki ndani.

"Tajiri anasema, 'Ukitaka, wewe nenda. Lakini mtoto iko yangu, mimi nasomesha yeye.'"

Alipoondoka nilishona pindo, nikalifumua, nikalishona tena. Nilifikiria polisi. Lakini mtaani tulishaona msichana wa nyumba nyingine akirudishwa kwa tajiri wake, eti hao ni ndugu, wakayamalize nyumbani.

Nikamwendea Hajati mmoja anayeuza samaki wakavu sokoni, mtu wa kwetu Koboko. Nilikuwa nimesikia minong'ono kwamba wapo wanawake wa soko wanaowatoa watu kwenye nyumba kama zile. Hajati hakukubali wala hakukana. Aliendelea kupanga samaki wake.

"Umeambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi isha hapo. Hata bwana yako, hapana ambia."

Nilichojua baadaye ni kidogo: kila mmoja wa wanawake hao alimfahamu aliyemkabidhi mtu na atakayempokea, basi. Kazi aliyonipa Hajati ilikuwa moja, kumtoa mtoto nje ya geti. Shule zilikaribia kufunguliwa na sare ya mtoto nilikuwa naishona mimi. Nikatuma neno kwamba haitamkaa bila kumpima. Nikangoja. Sindano ilinichoma vidole wiki ile kuliko mwaka mzima. Pikipiki ikisimama nainuka, mlango ukigongwa nainuka. Hatimaye mtoto akaja, ameshikwa mkono na mwenye nyumba mwenyewe.

Nilimpima polepole, nikitafuta la kusema. Mwanamke yule hakuwa na sura mbaya. Alinisifia kazi, akamfuta mtoto jasho usoni kwa kanga yake. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu niliona kweli anamtaka.

"Mikono bado," nikamwambia. "Mtoto arudi tena."

Siku mwenye nyumba alipokwenda Dadamu kwa maziko ya shemeji yake, nyumba ilibaki na mlinzi. Kesho yake ilikuwa shule. Mlinzi, kwa kuogopa lawama, akawaruhusu mama na mtoto wavuke barabara waifuate sare. Mama aliingia kwangu, miguuni ana kandambili, mkononi hana kitu.

Mtu aliyepangwa na Hajati kuja kuwachukua kwangu hakutokea. Nilichungulia kushoto, nikachungulia kulia. Geti la ng'ambo lilikuwa wazi na mlinzi anatutazama. Nikawapitisha mlango wa nyuma, nikaiacha redio ikiimba na cherehani bila kifuniko, tukakata vichochoro hadi kwa Hajati.

Yeye alikuwa ameshapata gari jingine. Watu wa Abuku, upande wa Koboko, walikuwa wanarudisha maiti nyumbani kutoka hospitali ya Arua, na lori la waombolezaji lilikuwa tayari kuondoka. Msiba ulikuwa wa kweli. Niliona haya kuutumia, nikamwambia hivyo.

"Mimi nimeomba wenyewe," Hajati alinijibu. "Mama ya marehemu amesema, pandeni."

Tukapanda, nami pia, maana mama yule alining'ang'ania mkono. Tulijifunga leso vichwani, mtoto tukamlaza mapajani. Njiani askari wa kizuizi alisimamisha lori, akapanda gurudumu, akatuangalia mmoja mmoja.

"Huyu naye ni nani wa marehemu?" akauliza, kidole kikimwelekea mama yule.

Kabla sijafungua mdomo, mama alianza kulia. Hakuwa anaigiza. Kilio kilimtoka tumboni, akajikunja juu ya mtoto wake, na wanawake wote wakaitikia. Askari akashuka, akatupungia tupite. Bibi mmoja wa Abuku akamshika bega.

"Ulimjua mtoto wetu?"

"Hapana, mama. Mume wangu alikufa vitani, sikupata kumlilia."

"Basi lia," bibi akasema. "Gari iko ya kulia."

Koboko tulipokelewa na mwanamke nisiyemjua. Aliwatia ndani, akanipa maji, akaniambia nirudi mara moja. Nilirudi. Asubuhi mwenye nyumba alikuja barazani, macho mekundu, akauliza. Nikasema walichukua sare wakaenda zao. Kwa miezi kadhaa alipita pale akinitazama, na mimi sikuzoea. Mpaka leo nikiona gari limepunguza mwendo mbele ya duka, mguu wangu unaacha kukanyaga cherehani.

Mwaka huu nilikwenda soko la Ludara, huko Koboko, kutafuta muhogo mkavu, nikamkuta mama yule nyuma ya fungu la bamia. Tulikumbatiana mpaka bamia zikamwagika. Analima kwa mjane aliyempa kibanda. Mtoto anasoma karibu. Usiku, aliniambia, bado huamka kupapasa kama mtoto yuko.

Pembeni yake aliketi msichana anayechambua maharage, kichwa chini, kila mtu akipita anashtuka, kama mama yule siku ile kwenye benchi langu. Hakunitambulisha kwake. Nami sikuuliza.