Mkubwa Hapokonywi

Kwetu Akheri mkubwa hapokonywi kitu mkononi. Hata jembe, unasubiri alitue. Hilo nilifunzwa kabla ya kusoma, na kusoma kwenyewe niliishia darasa la saba, kwa hiyo lilikaa kichwani bila mpinzani.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, ndizo zilizonifikisha Finland, kucheza kikapu cha kulipwa. Zamani mtu wa miguu kama yangu hakupata kiatu Arusha nzima. Mitumba ilipojaa sokoni Daraja Mbili nikaokota raba za Mzungu fulani, kubwa mno, nikashindilia magazeti mbele. Nasema ni raba zile zilizonipeleka. Mke wangu anasema ni urefu. Tuyaache.

Kule ni kimya. Unamsalimia mtu njiani, anatazama theluji. Katika timu nzima aliyenijali ni mmoja, mchezaji aliyetuzidi wote umri, mvi zimeanza, na nafasi yetu ilikuwa moja, chini ya kikapu. Siku ya kwanza nilimwamkia, ulimi ulijiendea tu. Akataka kujua anajibuje. Basi kila asubuhi katika chumba cha kubadilishia nguo:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

Mengine tulisema kwa Kiingereza. Changu na chake vilikuwa maskini sawasawa, ndiyo maana tulielewana. Kila Jumapili alikuja kwangu, napika viazi na nyama, tunakula sahani moja. Hakuwahi kuuliza kwa nini moja.

Sasa mazoezini, mpira ukiwa mikononi mwake siugusi. Nanyoosha mikono tu, kama mtu anayezuia ndama.

"Unaogopa?" kocha akaniuliza.

"Siogopi. Ni mkubwa wangu."

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Basi mbebee na begi."

Begi nilikuwa nalibeba siku zote.

Baridi ilipoanza kulegea, kocha akatangaza kwamba msimu ujao atabaki mmoja kati yetu wawili. Tucheze sisi kwa sisi, aone. Mzee akanisogelea kabla ya filimbi.

"Mimi nina nyumba hapa, nina mke. Wewe ukikosa, unarudishwa. Chukua mpira. Ukiniachia, nitakasirika."

Mkubwa ananiamuru nimvunjie heshima, nifanyeje? Nikatii. Niliupokonya, nikaupokonya tena, mpaka akapiga goti sakafuni akihema, na kocha akasema inatosha. Mzee akanipa mkono, "Sawa, kijana," akakusanya vitu vyake. Nilipoinama kushika begi, alikuwa amekwisha kulitundika begani.

Msimu wa pili nilicheza wote, na vizuri. Yeye sikumwona tena. Labda ni aibu, labda mkewe, sijui mpaka leo. Jumapili iliyofuata pambano lile nilipika viazi na nyama kama kawaida, nikasubiri, nikala upande wangu wa sahani. Ule mwingine ulipoa pale pale mezani.