Barua za Ghorofa ya Nne

Tangu mumewe afariki, Sushila hakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili isipokuwa Mwende wa posta. Sushila alizaliwa Kisumu, akakulia nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na hapa London yeye na mumewe walikitumia Kiswahili kila walipotaka binti yao, Rupal, asielewe. Sasa Rupal alikuwa Toronto. Alipiga simu kila Jumapili, kwa Kiingereza, huku akiosha vyombo.

Nyumba ya Sushila ilikuwa ghorofa ya nne, Ilford, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa mara kwa mara. Mwende, mzaliwa wa Machakos, alizipanda ngazi hizo akiwa na begi begani. Angeweza kusukuma barua kwenye tundu la mlango na kwenda zake, lakini aligonga.

"Hodi, Mama Rupal! Umeamkaje?"

"Mimi nimeamka, mwanangu. Magoti ndiyo bado yamelala."

Hayakuwa mazungumzo marefu, maana Mwende alikuwa na milango mingi mbele yake. Lakini zilikuwepo siku ambazo maneno hayo ndiyo pekee yaliyomtoka Sushila mpaka giza linaingia.

Mwezi wa Februari Mwende alifika akiwa amenuna.

"Mama, wakubwa wetu kazini wanataka tusipande ngazi tena. Barua zenu zitawekwa kwenye masanduku huko nyuma, karibu na mapipa ya taka. Kila mtu ashuke ajichukulie."

"Na lifti ikifa, mimi nishuke na nini?"

"Hata sisi hatukuulizwa."

Sushila aliwaza siku nzima. Alikuwa ameishi kwenye jengo lile miaka na miaka bila kujua jina la mtu wa mlango wa pili. Kesho yake alivaa sweta juu ya sari, akatoka, akaanza kubisha milango kuwaomba majirani waupinge mpango huo. Milango mingine haikufunguliwa. Kijana mmoja, Keyur, alimsikiliza akiwa bado na vipokea sauti vya kompyuta masikioni.

"Auntie," alisema kwa Kiingereza, "siku hizi nani anaandika barua? Kila kitu kiko kwenye simu."

"Hospitali wananiandikia. Na simu yangu haijawahi kupanda ngazi kuniuliza hali."

Keyur alivua vile vipokea sauti.

Ghorofa ya tatu, chini tu ya nyumba yake, alifungua mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Mguu mmoja ulikuwa umekatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Ndani redio ilikuwa ikisoma habari kwa Kiswahili. Sushila alisahau maneno ya Kiingereza aliyokuwa ameyaandaa.

"Kumbe unasikia Kiswahili?"

"Nisikisikie vipi, na mimi ni mtu wa Mombasa? Naitwa Abdulwakil. Ingia, Bibi, ingia." Alimtazama kwa mshangao. "Wewe ndiye wa hapo juu? Nyayo zako nazisikia kila alfajiri. Sikujua mwenyewe ni mtu wa kwetu."

Sushila aliketi, na machozi yakamjaa bila yeye kujua sababu.

Abdulwakil ndiye aliyempigia simu meneja wa kampuni iliyosambaza barua pale mtaani. Meneja alipopendekeza wakutane ofisini, mzee alisema, "Hapana. Njoo wewe kwetu." Siku meneja alipokuja, lifti ilikuwa imekufa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso wa kuchoka, akafika ghorofa ya tatu akihema. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ngazi, na Keyur alikuwa ametoa viti.

"Umechoka?" Sushila alimuuliza.

"Kidogo."

"Wewe umepanda mara moja. Huyu mzee ashuke kwenye mapipa kwa mguu upi?"

Meneja alimtazama Abdulwakil, akainamisha macho. Alisema ataona la kufanya.

Na kweli, kabla ya Pasaka Mwende aligonga.

"Mama, mmeshinda! Barua zitaendelea kuja milangoni." Kisha akashusha begi. "Lakini wamepanga njia zote upya. Mimi napelekwa Hayes, upande wa pili wa London. Leo ndiyo mwisho."

"Ni kwa sababu yetu?"

"Hapana, Mama. Wamegusa kila mtu."

Walishikana mikono pale mlangoni. Sushila alitaka kumwambia kwamba si barua alizokuwa akizipigania, lakini Mwende alikuwa ameshachelewa.

Aliyekuja baada yake hana ubaya. Anapanda haraka, anasukuma barua kwenye tundu, anashuka. Siku moja Sushila alimvizia akafungua mlango. Kijana alishtuka, akaomba radhi, akamkabidhi bahasha mkononi, akakimbia.

Magoti yakimruhusu, Sushila hushuka kwa Abdulwakil. Siku za kusafishwa damu hospitalini kwa ajili ya figo zake, mzee hurudi amechoka sana, na mara nyingi husinzia katikati ya mazungumzo. Sushila hamwamshi. Humalizia habari aliyokuwa akiisimulia, polepole, kwa Kiswahili, kisha hufunga mlango taratibu na kupanda kwake.