Ubao wa Kwenda Malindi

Mume wangu alipoanza kusema habari za Malindi nilidhani ana homa. Alikuwa fundi wa magari katika gereji moja kule Karen, na kila Pasaka tajiri wake alimwita amfungie mbao fulani juu ya gari, mbao za kulalia juu ya mawimbi. Familia nzima ilipotelea Malindi kwa siku chache, ikarudi na pua zinazobambuka.

"Miaka yote nafunga hizo mbao," aliniambia, "na sijawahi kuona zinaenda wapi. Mwaka huu hata sisi tutaenda."

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulikaa Uthiru katika ploti ya vyumba vya mabati, na mimi nilikuwa karani wa simu kwenye ofisi moja katikati ya mji. Wote wawili tulitoka magharibi, na hatukuwa na ndugu hata mmoja Nairobi. Mume wangu hakujua kuogelea. Mimi nilijua kuoga tu, tena kwa beseni.

Tulikuwa na binti mmoja, ndio kwanza anajifunza kutembea. Mchana jirani alinitazamia mtoto huyo, lakini alikuwa na watoto wake tele, na jioni ilikuwa lazima nimchukue wangu. Tulipanga akae kwao siku hizo chache, na jirani alikubali kwa shingo upande. Ila siku chache si maisha. Kila mume wangu alipoleta habari za treni, za basi la kutoka Mombasa, za chumba tutakacholala, niliuliza swali lile lile: tukifia huko baharini wote wawili, mtoto atakuwa wa nani?

"Watu wanaenda kucheza," alisema, "wewe unaandika wosia."

Sikuona la kuchekesha. Nilikaa kazini mbele ya mitambo ya simu, nikiunganisha sauti za watu wasioijua hofu yangu. Mimi ni mwoga, nilizaliwa hivyo, na sijawahi kuona faida ya kujifanya vingine.

Ubao wa dukani haukuwa wa watu kama sisi, kwa hiyo akaenda kwa seremala wa barabara kuu. Seremala yule alitengeneza vitanda na majeneza. Kitanda ulikwenda kukichukua mwenyewe. Jeneza alilileta yeye, kwa mikono yake, kwa kuwa aliamini mfiwa hafai kubebeshwa mzigo huo. Uthiru nzima ilijua hivyo. Watu wakimwona njiani na mbao kichwani walivua kofia, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nilikuwapo siku alipompima mume wangu. Alivuta futi kamba toka utosini hadi kisiginoni, kisha bega hadi bega, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao.

"Utalala chali ama kifudifudi?"

"Kifudifudi."

Seremala akatafakari. Wateja wake wengine wote walilala chali. Nilimvuta mume wangu mkono tukaondoka.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka aliniambia asubuhi kwamba akitoka kazini atapitia kwenye bwawa huko huko Karen. Mwenzake wa gereji alikuwa amekubali kumfundisha kuogelea. Siku hiyo nilifanya kazi nusu siku, na katika nusu hiyo niliunganisha simu vibaya mpaka mkubwa wangu akaniuliza kama ni mgonjwa. Nilimwambia ndiyo.

Niliposhuka kwenye basi na kuingia ploti, nilikuta wanawake wameketi chini mbele ya mlango wangu, vitambaa kichwani. Kuni zilikuwa zimepangwa, na sufuria kubwa ya chai ilichemka juu ya mafiga. Waliponiona, mmoja alianza kulia, na wengine wakamfuata.

Hakuna aliyehitaji kuniambia neno. Akilini niliona bwawa, na viatu vya mume wangu kando yake. Nikaketi pale pale kwenye tope. La ajabu ni kwamba sikumlilia yeye. Nilisema, "Mtoto wangu yuko wapi?"

Alikuwa mgongoni mwa mwenye ploti, amefungwa kwa leso, amelala. Huyu alikuwa mama mjane, Mkikuyu wa hapo hapo, watoto wa ploti walimwita shosho, yaani nyanya yao. Nilimwogopa karibu sawa na bahari. Siku nilipoanika nepi kwenye kamba yake aliziangusha chini bila kunitazama.

"Mtoto yuko," alisema. "Wewe lia tu."

Ndipo mume wangu akaingia getini, nywele mbichi, taulo shingoni, akauliza ni nani amekufa. Mwanamke mmoja alikimbia mpaka barabarani. Wengine walimtazama, kisha wakageuka kuutazama ukuta nyuma yao, na mimi nikauona: ubao mrefu kama mtu, umechongwa mviringo juu, umepakwa vanishi ile ile nyeusi ya majeneza. Seremala alikuwa ameuleta mwenyewe, kwa fahari ya kutengeneza kitu kipya, akauegemeza kando ya mlango wetu na kwenda zake.

Sijawahi kuona tena watu wakimkasirikia mtu kwa kuwa hai. Lakini kuni na sukari zilizoletwa kwenye matanga hazibebwi kurudi nyumbani, kwa hiyo walikunywa chai yote, na mume wangu akawamiminia.

Nilimfuata shosho chumbani kwake nikamchukue mtoto. Kando ya kitanda chake alikuwa ameweka kingine kidogo, kimetandikwa, na nepi zangu zimekunjwa juu yake.

"Nilisema utaenda nyumbani kuzika," alisema. "Na baada ya hapo kazi yako itataka urudi. Huyu angekaa na mimi."

Nililia sasa kilio chenyewe, kile kilichokuwa kimenikwama. Kisha nikamweleza habari za Malindi, kwamba tunakwenda wote wawili na kwamba ninaogopa. Aliuliza hayo maji yanafika wapi. Nikasema sijui, hayana mwisho.

Alinyoosha shuka la kile kitanda kidogo. Halafu akasema, "Hiki kitanda sikiondoi, mrudi msirudi."