Mwanamke wa Kwenye Kompyuta

Usiku ule Mama Avit alisimama na sahani ya ebitoke, ndizi za kupikwa, nje ya chumba cha mwanawe, akimsikiliza mwanamke wa kwenye kompyuta. Ndiye anayewaongoza wanaojitolea kufungasha programu ya kuhifadhia data ili watu waweze kuipakua, na wote walikuwa wakingoja kujua kama kila toleo la programu hiyo limekubali kufanya kazi. Hapazi sauti. Huyaulizia matoleo kama anayejulia hali watoto: "Lile la zamani linaendeleaje? Bado linasumbua?" Kisha: "Avit, umekula?"

"Bado, dada." Akacheka kicheko ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu Pasaka.

Mama akagonga. "Baadaye, mama." Akagonga tena, kwa nguvu.

"Avit," sauti ikasema taratibu, "mfungulie mama. Matoleo yatatungoja."

Mlango ukafunguka papo hapo.