Chupa Mbili za Divai na Bidoni ya Kavira

Asubuhi ile niliposema ndiyo kwa divai, nilipaswa kusema hapana. Dada yangu mkubwa, Kavira, alikuwa na mjukuu aliyekuwa anaposa binti huko Beni, nami nikachaguliwa kuwa msemaji. Kwetu maneno hayo hufunguliwa kwa kasiksi, pombe ya ndizi, kutoka nyumba ya kijana. Kavira, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu, alizikamua ndizi akiwa ameketi mkekani, akanitumia bidoni, dumu la plastiki lililojaa, kutoka kijijini kwake Kipese pamoja na neno moja: "Mudogo wangu, uniletee habari ya kikombe ya kwanza."

Lakini mwanangu, aliyekuja likizo kutoka Ubelgiji, aliweka mezani chupa mbili za divai nyekundu. "Papa, ile bidon itatuletea haya. Peleka vin. Wewe njo mutu ya kusoma."

Hilo la kusoma ndilo lililonimaliza. Bidoni ikabaki nyuma ya mlango wangu, mtaani Vulamba.

Saa mbili tuliondoka Butembo kwa gari la Saidi, dereva Mwislamu tunayefahamiana naye tangu ujana. Alizitazama chupa, akafunga buti la gari. "Mzee, pombe yako ubebe ku magoti. Coffre ni yangu, na Mungu anaangaliaka coffre."

Basi nilizipakata kama mapacha, nikikariri karatasi ya mwanangu: aina tatu za zabibu zilizochanganywa. Syrah huleta weusi na ukali wa pilipili manga. Grenache, utamu na joto. Mourvèdre, ugumu kama wa ngozi. Mbili za mwisho asili yazo ni Hispania, zikahamia kusini mwa Ufaransa kama watu wetu wanavyohamia Kisangani kwa biashara.

Beni, saa tano, jua lilikuwa kali. Karatasi ilisema divai inywewe ikiwa na ubaridi wa chumba. Haikusema kama ni chumba cha Butembo au cha Beni.

Nyanya wa binti, Mama Masika, alitupokea vizuri, akatafuta kwa macho nyuma yetu. "Na kasiksi ya Kavira iko wapi? Tunasikiaka sifa yake."

Nilikohoa, nikaanza hotuba. Nilieleza zabibu zote tatu. Nikasema divai hii inataka mbuzi wa kuchoma au nyama ya mchuzi mzito. "Samaki, hapana! Itakuwa na ladha ya chuma."

Wakati huohuo wakwe waliingia na samaki wa ziwani kutoka Vitshumbi na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa.

"Donc, mukwe," Mama Masika aliuliza, "samaki ingojee mbuzi, ao wewe utakula vin yako peke?"

Walicheka mpaka Saidi akatoka nje akishika mbavu. Mzee mmoja alionja, akafumba macho. "Hii ni dawa ya minyoo." Posa ilikubaliwa, kwa huruma nadhani. Chupa ya pili walinirudishia haijafunguliwa.

Jioni, Vulamba, harufu ilinipokea kabla ya mlango. Kifuniko cha bidoni kilikuwa kimeruka kwa nguvu ya uchachu. Kasiksi yote ilikuwa sakafuni, na sisimizi wakisherehekea posa.

Kesho yake nilipanda Kipese. Kavira aliniuliza kabla sijaketi: "Kikombe ya kwanza, alikunywa nani?"

"Hapana mutu, yaya." Nikamweleza dada yangu yote.

"Kumbe ile haya ni mimi," akasema, akageukia ukuta.

Hakunisemesha tena. Alikufa kabla ya arusi, na arusini tulikunywa soda. Majina ya zabibu tatu nayajua hata leo. Dada nilikuwa naye mmoja, naye alikufa bila kunisamehe.