Kiti cha Rubani wa Pili

Pale kiwanjani walimwita Sisimizi, na hawakumwonea. Mtu huyu hakujua kukaa. Chai aliinywa akitembea. Akingoja abiria, aliizunguka ndege utadhani ameangusha ufunguo. Hata kitandani mkewe alimlalamikia: "Baba watoto, lala basi. Ndege umeiacha kazini."

Alikuwa rubani wa pili wa kindege cha viti kumi, na kazi yenyewe aliipata kwa ile ile kufa kufaana. Sheria inaruhusu ndege ndogo kama hiyo iwe na rubani mmoja, mradi mtambo wa kujiendesha uwe mzima, umshikie usukani akiwa na shughuli nyingine. Mtambo ukifa, sharti wawe wawili. Ulikufa miaka mitatu iliyopita, naye akaajiriwa wiki hiyo hiyo. Usiniambie hakujua. Alijua, na ndiyo maana hakutulia.

Jumatatu fundi akamaliza kuutengeneza, anachekelea kama bwana harusi. Ikabidi ndege ipande bila abiria, mtambo uachiwe usukani dakika ishirini. Rubani mkuu akaweka mikono magotini.

"Mwenye kalamu ni wewe, kaka. Andika unachokiona."

Sisimizi akaukodolea macho mshale wa kimo, kitabu cha ukaguzi kikiwa wazi mapajani. Maneno mawili tu, "unayumba kidogo", na fundi angeufungua tena, aagize vipuri vingine, miezi sita ipite. Watoto wawili walikuwa shuleni. Yeye alikuwa na miaka arobaini na sita na saa chache za kuruka, nani angemchukua? Akauombea mshale utikisike. Aliuombea kwa dhati, kisha akajionea haya. Mshale haukutikisika.

Dakika ya kumi na tisa kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi. Lakini hakuwahi kuandika namba ambayo jicho lake halikuiona, na mwenzake angepita mawinguni peke yake akikitegemea kitabu kile. Akaandika "mzima", akatia sahihi.

"Umekata tawi ulilokalia," rubani mkuu alisema taratibu, bila kumtazama.

"Najua. Teremsha ndege."

Ijumaa alikwenda kurudisha sare, akakuta kiti chake kimeshauzwa. Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa alikuwa amekikalia, anahangaika na mkanda. Sisimizi aliujua ukaidi wa mkanda ule. Akapanda, akauvutia juu kidogo, ukaingia.

"Ahsante, mwanangu. Hapa nisiguse kitu?"

"Usiguse kitu, mama. Wewe kaa utulie."

"Na huyu rubani akielemewa, nani atamsaidia?"

Sisimizi akaukaza mkanda. "Kuna mtambo, mama. Niliupima mwenyewe."

Akashuka, akaufunga mlango, akasogea pembeni. Ndege ilikimbia, ikapaa, ikawa nukta, ikapotea. Mlinzi wa getini anaapa kwamba mtu yule alisimama pale pale muda wote, mikono imening'inia, bila kutikisa hata kidole.